Mtoto ameamka na homa: Je, umpeleke kwa mlezi au abaki nyumbani?

Ni saa kumi na moja na nusu alfajiri. Chai iko mezani, nguo za kazi zilipigwa pasi tangu jana usiku, na matatu ya kwanza imeanza kupiga honi pale stejini. Unamwinua mtoto kitandani ili umvishe, na mkono wako unapogusa mgongo wake unahisi moto. Unamgusa kwenye paji la uso. Unamgusa tena, safari hii kwa nyuma ya kiganja, kana kwamba kiganja kilikudanganya mara ya kwanza. Saa moja na nusu unatakiwa uwe umeshatia sahihi kazini. Utafanya nini?

Tuseme ukweli, wengi wetu tunajua tunalofanya. Tunateremsha chupa ya dawa ya homa kutoka juu ya kabati, tunampa mtoto kijiko, tunamvika sweta, na tunapofika kwa mlezi joto limeshashuka na mtoto anacheka. Mlezi akiuliza ameamkaje, tunajibu ameamka vizuri. Kisha tunalikimbilia gari. Saa nne au saa tano dawa inapoishiwa nguvu, mtoto anaanza kulia na simu inaita mfukoni wakati msimamizi amesimama nyuma yako.

Mimi pia nimewahi kulifanya jambo hilo. Binti yangu alikuwa na mwaka mmoja na nusu, na siku hiyo nilikuwa na kazi ambayo niliona haiwezi kungoja. Nilipigiwa simu kabla ya adhuhuri. Nilipofika, nilimkuta amelala kwenye godoro moja na mtoto mchanga wa miezi mitano, pua kwa pua, kwa kuwa mle chumbani mlikuwa na magodoro mawili tu. Bahati ilikuwa upande wangu maana yalikuwa ni mafua ya kawaida na yakaisha. Lakini nilimtazama yule mchanga, nikakumbuka kwamba mama yake alikuwa amemwacha pale asubuhi akiamini kwamba sisi wengine tumesema kweli.

Hilo ndilo linalonifanya niandike habari hii. Unapoamua juu ya mtoto wako saa kumi na moja na nusu alfajiri, unaamua pia juu ya watoto wa watu wengine usiowaona.

Kwanza tuizungumzie dawa yenyewe. Parasetamo, iwe ya maji au ya tembe, haiui kiini cha ugonjwa. Kazi yake ni kuteremsha joto na kupunguza maumivu kwa muda wa saa nne hadi sita. Si kosa kumpa mtoto anayeumia, mradi umefuata kipimo cha umri na uzito wake. Kosa ni kumpa halafu ukanyamaza. Kwa kufanya hivyo unamnyang'anya mlezi ile dalili moja ambayo ingemwonya mapema. Isitoshe, mlezi asiyejua kwamba mtoto amekunywa dawa saa kumi na mbili anaweza kumwongeza nyingine saa mbili, na parasetamo ikizidi huharibu ini. (Ama aspirini, hiyo usimpe mtoto kabisa isipokuwa daktari awe ameagiza.)

Kipimajoto kidogo cha kwapani hupatikana kwenye duka la dawa na ni chombo chenye faida kuliko vidoli vingi tunavyonunua. Joto la kwapani likifika nyuzi 37.5 au zaidi, mtoto ana homa. Kanuni ambayo vituo vingi vyema hufuata ni kwamba mtoto aliyekuwa na homa arudi baada ya kukaa saa 24 bila homa na bila kupewa dawa ya kuishusha. Maneno hayo ya mwisho ndiyo tunayopenda kuyasahau.

Hata hivyo, si kila mtoto mwenye kamasi anapaswa kufungiwa nyumbani. Ingekuwa hivyo, hakuna mzazi wa mjini ambaye angefika kazini. Mtoto mdogo hupata mafua mara sita hadi nane kwa mwaka, na wale wanaolelewa pamoja na wenzao huzidisha, hasa mwaka wa kwanza. Kamasi ikigeuka kuwa ya manjano au ya kijani kibichi baada ya siku chache, huo ni mwendo wa kawaida wa mafua na pekee yake si sababu ya kukimbilia antibiotiki. Isitoshe, mafua huambukizwa hata kabla hujajua kwamba mtoto anayo, kwa hiyo kumweka nyumbani kwa sababu ya kamasi tu hakuwakingi wenzake sana. Kama anacheza, anakula na hana homa, mpeleke na umpatie mlezi kitambaa safi cha kumpangusia.

Basi uamuzi utaufanyaje? Yako maswali matatu ambayo hutumiwa na madaktari wa watoto. La kwanza: je, mtoto ana nguvu za kushiriki, yaani kucheza, kula, kukaa na wenzake? La pili: je, mlezi ataweza kumtunza bila kuwatupa wale wengine? Mwanamke mmoja mwenye watoto kumi hawezi kumbeba mmoja anayelia kutwa na bado akawaangalia tisa waliobaki wasisogelee jiko. La tatu: je, ugonjwa huu ni wa kuambukiza kwa namna inayoweza kumdhuru mwingine? Jibu moja likienda kombo, mtoto abaki nyumbani.

Swali hilo la tatu ndilo zito, na hapo sina budi kukaa kidogo na surua.

Surua huanza kama mafua. Mtoto anapata homa kali, kikohozi, pua inatiririka na macho yanakuwa mekundu. Vipele huchelewa kwa siku tatu au nne, ndipo vinapojitokeza usoni na nyuma ya masikio, kisha vinashuka mwilini. Sasa angalia hatari ilipo: mtoto huanza kuambukiza wengine siku nne kabla ya vipele, na huendelea hadi siku nne baada ya vipele kutokea. Siku zile ambazo wewe unasema ni kamafua tu, yeye anaisambaza. Virusi vyake hubaki hewani chumbani hadi saa mbili baada ya mgonjwa kuondoka, na katika kila watu 10 wasio na kinga watakaokaa karibu naye, tisa wataambukizwa.

Hapa Kenya chanjo ya surua na rubela hutolewa mara mbili, mtoto akiwa na miezi tisa na tena akiwa na miezi 18. Maana yake ni kwamba yule mchanga wa miezi mitano niliyekueleza habari zake hakuwa na kinga ya sindano hata kidogo, wala si kosa la mama yake. Umri wake ulikuwa bado. Kinga yake ilikuwa ni sisi wengine: watoto wetu wakubwa wawe wamechanjwa, na wakiwa na homa tuwe wakweli. Surua kwa mtoto mdogo huleta nimonia, kuharisha, upofu, na hata kifo. Kwa hiyo homa kali inapofuatana na macho mekundu na kikohozi, usimpeleke kwa mlezi wala usingoje vipele. Mpeleke zahanati, na ukifika mlangoni waambie mapema ili msikae kwenye benchi moja na watoto wengine.

Wazazi wengi humkumbuka nesi kwa ile sindano ya miezi tisa, halafu mtoto akishaanza kutembea kadi ya kliniki inapotelea chini ya godoro na ile ya miezi 18 inasahaulika. Kama ya kwako imesahaulika, bado unaweza kwenda.

Kifaduro nacho huwaumiza zaidi wachanga ambao hawajamaliza chanjo zao za wiki 6, 10 na 14. Mtoto mwenye kikohozi cha kufululiza mpaka anakosa pumzi au anatapika anahitaji daktari, na akianzishiwa antibiotiki akae nyumbani siku tano za kwanza. Tetekuwanga haina haja ya maelezo marefu. Ni mpaka kila kipele kiwe kimekauka na kufanya gamba, na kwa kawaida hilo huchukua kama wiki moja. Matubwitubwi ni siku tano tangu mashavu yavimbe.

Kuhara kuna mambo yake. Mtoto ambaye bado anavaa nepi na anaharisha ni hatari kwa kila mtu chumbani, kwa sababu mlezi yule yule anayembadilisha nepi ndiye anayewapa wengine uji, na mara nyingi maji ya kunawa ni ya mtungi wa kununua. Akae nyumbani mpaka saa 24 zipite tangu aharishe au atapike mara ya mwisho. Zikifika 48 ni bora zaidi. Wakati huo, usimnyime chakula wala maziwa ya mama. Mpe maji ya ORS yaliyochanganywa kama pakiti inavyoelekeza, kidogo kidogo kwa kijiko, kila anapoharisha, pamoja na tembe za zinki kwa siku 10 hadi 14. Zahanati watakupatia vyote viwili. Ukiona damu kwenye kinyesi, au macho yamezama na ngozi ya tumbo ukiifinya hairudi haraka, hapo si kazi ya kijiko tena, ni hospitali. Ikiwa ni choo cha majimaji meupe kama maji ya mchele, kimbia.

Malaria, kinyume na wanavyodhani baadhi ya walezi, haitoki kwa mtoto mmoja kwenda kwa mwingine kwa kukaa pamoja. Lakini hilo lisikufanye umpeleke. Mtoto aliyerudi juzi kutoka likizo Busia, Homa Bay au Kilifi, akipata homa hapa Nairobi, apimwe damu siku hiyo hiyo. Malaria humlemea mtoto mdogo upesi sana.

Upande wa ngozi, hapo tunaweza kupumua kidogo. Upele unaowasha usiku, ule wa kati ya vidole, hutibiwa kwa dawa ya kupaka, na mtoto anaweza kurudi baada ya kupakwa mara ya kwanza, mradi nyumba nzima imetibiwa na nguo na matandiko yamefuliwa kwa maji moto. Punye za kichwani hazimalizwi na mafuta ya kupaka peke yake. Zahanati humpa mtoto dawa ya kumeza kwa wiki kadhaa. Akishaianza anaweza kuendelea kwenda kwa mlezi, ila asibadilishane kofia na kitana. Chawa hawajaua mtu kwa aibu. Jicho linalotoa tongo nzito lionwe na mhudumu wa afya kwanza, na tafadhali usilitie matone yaliyobaki ya mtoto wa jirani.

Zipo dalili ambazo zinafuta kabisa swali la kwenda au kutokwenda kwa mlezi. Mtoto asiyeweza kunywa wala kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, au aliyelegea na haamki vizuri, ni wa kupelekwa hospitali sasa hivi. Kadhalika mchanga wa chini ya miezi miwili mwenye homa yoyote. Na uko mtihani mmoja unaoweza kuufanya nyumbani bila chombo chochote ila saa: mtoto akiwa ametulia, mfunue kifua umhesabie pumzi kwa dakika moja nzima. Mwenye miezi 2 hadi 12 akipumua mara 50 au zaidi, au mwenye mwaka mmoja hadi mitano akipumua mara 40 au zaidi, na ana kikohozi au anapata taabu ya kupumua, yamkini ni nimonia. Ukiona sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani kila anapovuta pumzi, usingoje kukuche.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo hakuna nesi anayekuuliza. Ukibaki nyumbani, nani atalipa?

Ninajua kwamba anayeshona nguo kiwandani Athi River, anayefua nguo nyumba kwa nyumba Eastleigh au anayeuza mboga Kayole hupoteza pesa za siku anapokosa kwenda. Ninajua pia kwamba sheria haijamsaidia. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi siku 21 za likizo kila mwaka, na baada ya miezi miwili kazini inampa siku za kuugua, angalau saba kwa mshahara kamili na saba nyingine kwa nusu. Lakini siku hizo za kuugua ni za ugonjwa wake mwenyewe. Kuhusu siku ambayo mtoto ameugua, sheria hiyo haina likizo iliyotengwa. Ndiyo maana watu humdanganya msimamizi kwamba tumbo linawauma wao. Kwa mwenye kibarua cha siku hata uongo huo haumsaidii. Mimi simlaumu mama anayeteremsha ile chupa alfajiri. Ninachosema ni kwamba mzigo huo tunaupitisha kwa mtoto wa mtu mwingine, ambaye mama yake naye ni kibarua.

Mlezi naye yumo katika hesabu hiyo. Katika vituo vingi vya mitaani, kuanzia Mukuru hadi Kawangware, malipo hutolewa kila asubuhi mtoto anapoachwa. Mtoto asipokuja, mlezi hapati kitu. Je, unashangaa akimpokea mtoto mwenye homa bila kuuliza maswali? Njaa yake na haraka yako zinakutana pale mlangoni, na kila mmoja anajifanya haoni. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hawakusema kwamba wakati mwingine kinachofichwa ni nauli.

Kuna vituo ambavyo wazazi na mlezi wamekubaliana kwamba siku mtoto anapougua mzazi atoe nusu ya malipo, ili mtoto abaki nyumbani na mlezi asilale njaa. Kwingine wazazi hulipa kwa mwezi. Mapatano ya namna hiyo yanafaa yafanywe mtoto akiwa mzima, kwa maneno ya wazi: ni homa gani atakataliwa, nani apigiwe simu kwanza na nani wa pili, nani ana ruhusa ya kumchukua. Mlezi awe na daftari la kuandika saa dawa ilipotolewa. Naye mlezi akiharisha au akikohoa kwa wiki mbili mfululizo, apumzike na apimwe. Kifua kikuu kwa watoto wadogo kwa kawaida hutoka kwa mtu mzima anayekaa nao.

Akina baba, msifunge ukurasa bado. Mara nyingi anayeulizwa ruhusa ni mwajiri wa mama tu, kana kwamba homa ya mtoto huyo ni ya upande mmoja wa ukoo. Kama nyote wawili mnafanya kazi, gawaneni: asubuhi mmoja, alasiri mwingine, au zamu hii wewe na ijayo yeye. Ile likizo ya siku 21, iwekeni akiba siku mbili tatu badala ya kuimaliza yote Desemba. Na kama unalea peke yako, tafuta jirani mmoja, dada au shangazi anayekaa karibu, mkubaliane mapema utamsaidia nini naye akusaidie nini. Jirani anayegongewa mlango mara ya kwanza saa kumi na mbili asubuhi na mtoto anayetapika ana haki ya kukataa.

Mtoto huanza kuonyesha dalili jioni kabla ya asubuhi ile ya kukimbizana. Amekataa chakula, amelala mapema, amekataa kubebwa na mtu mwingine. Ukiyaona hayo, mpime joto kabla hujalala na uanze kupiga simu saa mbili usiku, wakati msimamizi bado anaweza kupanga mtu wa kushika nafasi yako.

Leo ni Jumapili na huenda mtoto anacheza hapo miguuni pako, mzima. Kadi yake ya kliniki iko wapi? Itafute, utazame kama mstari wa miezi 18 una tarehe. Halafu kesho unapomwacha, muulize mlezi yule mdogo kuliko wote mle chumbani ana miezi mingapi.